Sahani ya Msafiri

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kazi yangu ya kila mchana ilikuwa kula chakula cha baba. Kazi nyingine za nyumbani nilizikwepa kadiri nilivyoweza. Kuchota maji nilikuchelewesha, kumbeba mdogo wangu Beno nilikufanya kwa manung'uniko, na kuku niliotakiwa kuwafukuza kwenye mahindi yaliyoanikwa walinijua kwa uvivu wangu. Lakini hii ya kula niliifanya bila kukumbushwa, isipokuwa siku moja tu. Siku hiyo imenikaa rohoni mpaka leo, na sasa nimekuwa mtu mzima wa kutosha kuisimulia.

Kwetu ni Mbuji, juu milimani, mahali ambapo mashamba yamechimbwa mashimo ya ngoro, ya kuzuia maji ya mvua yasibebe udongo, kuanzia bondeni mpaka mgongoni mwa mlima, na asubuhi ukungu hautoki mpaka ujisikie wenyewe. Tulikuwa watu watano: bibi mzaa baba, baba, mama, mimi na Beno aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mchana nikitoka shule niliwakuta wote barazani mwa jiko, ugali umefunikwa, maharage yanatoa mvuke. Baba hakupenda kutengewa peke yake kama wanaume wengine wa pale. Alikaa nasi, kwenye kigoda chake karibu na kinu, na alikuwa mtu wa ukoko. Mama alipoanza kuukwangua, baba alijifanya anaangalia milimani, kumbe mkono umeshafika sufuriani.

"Baba Skola, mwachie mtoto," mama alikuwa akisema.

"Mtoto ana meno ya kukulia. Haya yangu ndiyo yanayoisha," baba alijibu, kisha ananipa nusu. Nusu yangu siku zote ilikuwa kubwa kuliko yake. Haya ni mambo madogo sana, najua, lakini ndiyo niliyo nayo ya baba. Sura yake nyakati nyingine inanipotea, ila mlio wa ukoko mdomoni mwake naukumbuka vizuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungua biashara. Dukani zilianza kuonekana sabuni za kila rangi, na sokoni Mbinga mitumba ilitundikwa kwenye kamba kama nguo za sikukuu. Lakini kahawa yetu, ambayo zamani ilichukuliwa na chama cha ushirika bila maneno mengi, sasa ilikaa chumbani tukalala nayo. Wanunuzi wapya walikuja walipotaka, na kwetu mlimani walitaka mara chache. Baba akachoka kuwangoja. Akaamua kufanya kama wenzake wachache walivyoanza: kushusha maharage ziwani na kupandisha usipa, dagaa wa ziwa letu, awauze huku juu.

Ziwani alikuwa mwenyeji, maana mama alitoka huko. Bibi alikuwa na utani wake kwamba mwanawe alitumwa samaki akarudi na mvuvi. Mama alicheka kila alipoambiwa hivyo. Walielewana, bibi na mama, na nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani vinginevyo.

Siku baba alipoondoka alinipima mguu kwa kijiti. Jumapili ya tatu kutoka siku ile nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza, na watoto wote wa mafundisho walikuwa wameshaahidiwa viatu vyeupe. Baba akakivunja kijiti kwa kipimo cha unyayo wangu, akakitia kwenye mfuko wa shati.

"Nitarudi navyo kabla ya Jumapili yako," alisema.

"Kweli baba?"

"Nimeshakudanganya lini?"

Mchana ule ule, baba akiwa hata hajafika mbali, bibi alichukua sahani yake ya bati yenye ua jekundu, akaweka tonge kubwa la ugali na upawa wa maharage, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka juu ya kigoda kilichokuwa kitupu. Akaniita.

"Skola, sikiliza. Mtu akiwa safarini, chakula chake hakikomi. Anakula nyumbani kwanza, ndipo watu wa huko wapate moyo wa kumpa. Kikae hapo mpaka jua lifike kwenye kinu, kisha ukile wewe, kwa sababu wewe ni damu yake. Ukimalize. Kisiliwe na mgeni, wala kisiliwe na mnyama."

"Kikiliwa na mnyama?"

Bibi hakupenda swali lile. "Basi huko aliko atakuwa kama hana watu," alisema, akachukua jembe lake na kurudi shamba.

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameketi na Beno mapajani, ameacha kula, anakitazama kile kigoda kama mtu aliyeona nyoka nyumbani mwake. Bibi alipopotea nyuma ya migomba, mama akanivuta karibu.

"Kwetu ziwani," alisema kwa sauti ya chini, "mtu asiyekuwepo hawekewi chakula mahali pake. Wanaowekewa ni waliokufa. Baba yako hajafa, Skola. Siwezi kumkatalia bibi yako, lakini sitaki kuiona sahani hiyo inapoa. Kula sasa hivi, ingali ya moto. Iwe nyongeza yako tu."

Nikala. Nilikuwa na miaka tisa na njaa ya shule, wala sikuona tatizo lolote. Bibi aliporudi jioni aliikuta sahani tupu, akaridhika kwamba msafiri amekula. Mama naye aliridhika kwamba hakuna maiti iliyoandaliwa nyumbani mwake. Kwa tumbo moja niliwaridhisha wanawake wawili, na nikanenepa. Kila siku ilikuwa hivyo: bibi anaweka, anafunika, anaondoka. Mama ananitazama. Mimi nakula.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Watu waliopanda kutoka ziwani walisema wamemwona baba, yupo kwa shemeji yake, samaki wamekuwa wachache, anangoja. Wiki ya tatu hakuna aliyesema kitu. Jumamosi nilikaa barabarani tangu mchana mpaka mama alipokuja kunichukua kwa mkono.

Jumapili nilipokea komunyo ya kwanza nikiwa na gauni jeupe la kuazima na kandambili za mama, za bluu, zilizozidi mguu wangu kwa vidole viwili. Zilipiga makofi sakafuni tangu mlangoni hadi altareni. Watoto wenzangu waliokuwa mbele waligeuka kutazama. Nilipaswa kuwa na moyo safi siku ile kuliko siku zote, lakini nilichokuwa nacho ni hasira. Nilimkasirikia baba kwa namna ambayo sijamkasirikia mtu mwingine tangu hapo.

Jumatatu nikatoka shule. Tulikula kama kawaida, bibi akatenga sahani, akafunika, akaenda shamba. Mama aliingia jikoni na Beno mgongoni. Aliniacha mimi na kile kigoda. Nilifunua sahani. Ugali ulikuwa bado unafuka moshi, maharage yameungwa vizuri. Nikaichukua, nikaenda nyuma ya jiko, nikaimwaga chini.

"Na asile," nilisema kwa sauti.

Kuku walikuja mbio kutoka kila upande. Nilisimama nikawatazama wanavyogombania, jogoo akimnyang'anya mtetea, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilipogeuka, niliona upindo wa kanga ya mama ukiondoka mlangoni mwa jiko. Sikujua kama aliniona.

Jioni bibi alirudi na mzigo wa kuni. Alipita nyuma ya jiko na kukuta tonge moja kuku hawajalimaliza, limekauka na kushika mchanga. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya rundo la mabua. Nilimwona anatua kuni, anainama taratibu kwa kile kiuno chake kibovu, analiokota, analipangusa kwa kanga, na kulila. Alitafuna kwa muda mrefu sana, akiangalia upande wa magharibi, kule njia inakoteremkia ziwani. Hakuuliza mtu. Kesho yake alitenga sahani kama kawaida, nami nikala mpaka nikailamba.

Alhamisi, tukiwa kwenye chakula, mjomba Wili, kaka yake mama, alitokea kwenye njia ya migomba. Alikuwa na mfuko begani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alisimama kwa furaha, kisha furaha ikamtoka, kwa sababu kaka yake hakuwa mtu wa kupanda milima bila jambo.

"Shikamoo mama," mjomba alimwamkia bibi.

"Marahaba. Karibu chakula, baba."

"Ahsante, mama. Sitakula."

Kwetu mgeni aliyetembea tangu alfajiri akikataa ugali, huhitaji kuelezwa zaidi. Mama alianza kulia kabla mjomba hajafungua mdomo. Mjomba alieleza kwa maneno machache. Baba alishikwa na homa. Sisi watu wa baridi tukishuka ziwani homa hutukamata vibaya, na hii ilikuwa kali. Walimpeleka kwenye zahanati, dawa zikamkuta amechelewa. Joto la kule halikuruhusu kumsafirisha, wakamzika kulekule, kando ya babu mzaa mama.

Bibi hakulia. Aliuliza swali moja.

"Siku gani?"

"Jumatatu, mama. Alasiri."

Sahani yenye ua jekundu ilikuwa palepale kwenye kigoda, imefunikwa. Bibi akamgeukia mama, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwake kabla ya hapo wala baada.

"Jumatatu chakula chake kililiwa na kuku. Niliokota mwenyewe. Mama Skola, sahani ile umeichukia tangu siku ya kwanza, nilikuwa nakuona. Ungeniambia tu. Kwa nini ulimmwagia mwanangu chakula?"

Mama alinitazama. Nilikuwa na tonge mdomoni, siwezi kulimeza wala kulitema. Sijui alinitazama kwa muda gani. Kwangu mimi anaendelea kunitazama hadi leo. Kisha akapiga magoti mbele ya bibi.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nisameheni."

Nami nikanyamaza. Naomba nilirudie hilo kwa sababu ndilo ninalolionea aibu, zaidi ya kuku. Mama alibeba lawama mbele ya macho yangu, nami nikanyamaza, nikameza lile tonge.

Kwenye mfuko wa mjomba kulikuwa na nguo za baba, kile kijiti cha kupimia, na viatu vyeupe. Baba hakukifuata kijiti. Vilikuwa vikubwa, vya kukulia.

Baada ya msiba bibi hakumfukuza mama. Asingethubutu, na nadhani hakutaka. Alichofanya ni kuacha kula chakula alichopika mama. Akawasha moto wake mwenyewe upande wa pili wa ua, akapika kisufuria chake kidogo. Mchana ikawa ni mioshi miwili, na mimi katikati, nikiitwa huku na huku. Kigoda cha baba kiliingizwa ndani. Mama alivumilia mpaka matanga yakaisha na mvua zikaanza. Kisha akamfunga Beno mgongoni na kushuka kwao. Mimi niliachwa kwa ajili ya shule, na kwa sababu bibi asingebaki peke yake.

Likizo nilishuka ziwani. Mwaka wa kwanza, mama akiwa anaanika usipa kwenye kichanja, nilijaribu.

"Mama, ile Jumatatu..."

"Nilikuona," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa mlangoni. Na nilipoona sahani imekuwa tupu, nilifurahi, Skola. Nilisema afadhali. Kwa hiyo usidhani nilidanganya sana."

"Nitamwambia bibi."

"Usimwambie. Bibi yako amebakiwa na wewe tu. Akikukosa na wewe, atakuwa na nani?" Alitandaza samaki kwa viganja vyote viwili. "Mimi nina mgongo. Wewe bado mtoto."

Basi nikaendelea kuwa mtoto, kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilimaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule moja upande wa Kitai. Nilifundisha watoto habari za mbu na homa, nikachora ubaoni mbu mwenye miguu mirefu, nikawaeleza kwamba mgonjwa akicheleweshwa siku nne hali inakuwa mbaya. Baba alikuwa anaumwa tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Nilijua hesabu zake zote. Nikirudi nyumbani, sikuweza kuwamwagia kuku hata makombo.

Bibi alianguka wakati nina miaka ishirini na moja. Nilipewa ruhusa kazini nikaenda kumuuguza. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Siku moja mchana nilipika ugali laini na maharage ya kuponda, nikamlisha. Alikula matonge mawili akageuza uso. Nikakaa na bakuli mkononi, na ghafla nikaona kwamba muda umekwisha, kwamba nisiposema sasa mama atakuwa mkosaji milele.

"Bibi, siye mama aliyemwaga kile chakula. Ni mimi. Nilimkasirikia baba kwa ajili ya viatu."

Nilidhani hakusikia. Inzi alitembea ukingoni mwa bakuli, nikamwacha. Kisha bibi akaanza kulia, machozi ya mzee, machache na ya polepole, yanayoteremkia sikioni kwa sababu amelala chali. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona analia.

"Na yeye akakubali," alisema.

"Alikubali, bibi."

"Miaka yote hii nikapika peke yangu."

Nililia pia. Nilimwomba msamaha, akaupungia mkono kama mtu anayefukuza moshi. Kwamba nilikuwa mtoto mwenye hasira, hilo halikumshughulisha hata kidogo. Alikuwa anawaza mtu mwingine.

"Sahani ya baba yako ipo?"

Ilikuwepo, kwenye kapu, rangi imebanduka, ua jekundu limebaki nusu. Akaniagiza nilete na kigoda. Nikakiweka karibu na kitanda.

"Mama yako yuko safarini," bibi alisema. "Mwandalie."

Nilitenga ugali na maharage, nikafunika, nikaweka juu ya kigoda. Bibi aliitazama ile sahani mpaka usingizi ukamchukua. Jua lilipofika pale kilipokuwa kinu zamani, nilifunua nikala. Kilikuwa kimepoa kabisa. Nilikula chote. Nilimwandikia mama barua siku ileile na kuipeleka kwa konda wa basi la Mbinga, aipeleke kwa gari lolote linaloshuka. Nilimwandikia maneno machache: bibi anaumwa, anakuita, amejua. Tuliandaa sahani siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Siku ya nne bibi hakuwa na nguvu ya kusema, akanionyesha kigoda kwa kidole, nami nikaandaa.

Alikufa usiku wa kuamkia siku ya tano. Mama alifika siku ya maziko, mchana, watu wakiwa wameshaanza kutoka makaburini. Alikuja na Beno, kijana mrefu asiyeikumbuka nyumba ile. Barua ilikuwa imelala siku tatu kwenye duka la mtu aliyedhani si ya haraka.

Nilimpeleka chumbani. Kitanda kilikuwa kimetolewa, lakini kigoda nilikiacha, na sahani tupu juu yake. Mama alipoviona alisimama. Nilikumbuka alivyokitazama kigoda kile siku ya kwanza, nikaogopa kwamba nimekosea tena, kwamba kwa watu wa ziwani nimemwekea chakula cha wafu mtu aliye hai.

"Aliagiza bibi," nikasema haraka. "Ni yako. Alisema uko safarini. Tumekuwekea kila mchana, siku nne."

Mama alichuchumaa. Akaishika ile sahani, akapitisha kidole gumba juu ya nusu ya ua iliyobaki. Mabega yake yalianza kutikisika. Nje wanawake walikuwa wanapakua chakula cha waombolezaji, vijiko vinagonga sufuria, mtu anauliza chumvi iko wapi. Mama aliponitazama hakuwa na hukumu yoyote usoni. Alikuwa na swali tu, na aliliuliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa jibu.

"Ulikula chote?"

"Nilikula chote, mama," nikamjibu. "Siku zote nne."